Barua ya Nesi Doreen

Ukifika Ipinda ukamuulizia Andongwisye, watu watakuuliza, yupi? Sema Mzee Karatasi, na hata mtoto wa darasa la kwanza atakufikisha mlangoni. Jina hilo alilipata kwenye baraza la ardhi la kata, alikokaa miaka kumi na mmoja. Ndugu wawili wakigombea mstari wa miti ya kokoa, mmoja akilia, mwingine akiapa kwa kaburi la mama yake, yeye aliwasikiliza wote huku akijikuna kidevu, kisha akauliza swali lile lile: "Maneno ni upepo, jamani. Karatasi iko wapi?" Mwenye karatasi alishinda. Asiye nayo alirudi nyumbani akawasimulie kuku wake.

Karatasi zake mwenyewe alizitunza kwenye kopo la maziwa ya unga, akalipachika juu ya ukuta, chini ya bati, upande wa kitanda anakolaza kichwa. Ndani yake mlikuwa na hati ya shamba, cheti cha ndoa, kadi ya chama cha ushirika, na risiti ya baiskeli aliyoinunua mwaka themanini na saba, ingawa baiskeli yenyewe ilikwisha kuwa vyuma chakavu. Na kwa miaka sita, chini kabisa ya kopo, palikuwa na karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne. Hiyo haikuwa yake.

Angekuwa mtu mbaya, habari hii ingekuwa nyepesi kuisimulia. Hakuwa mbaya. Alikuwa mtu wa heshima, na heshima hiyo ndiyo iliyoua.

Wanyakyusa wana jambo lao linaloitwa kutila. Mkamwana humcha baba mkwe wake. Hamtazami usoni, hali mbele yake, hamwiti kwa jina, na wakikutana njiani mwanamke hutoka njia, huingia majanini, hujifunika kichwa na kugeuka mpaka mzee apite. Mzee naye haingii nyumba ya mkamwana, hazungumzi naye, na jina lake halipiti kinywani mwake. Siku hizi wengi wameacha, hasa waliosoma na walioko mjini. Nyumbani kwa Andongwisye hawakuacha.

Basi mwanawe Gwamaka, dereva wa fuso la kubeba mchele, alipomleta mke kutoka Mbeya, binti wa Tarime huko Mara aliyekuwa akiuza chakula stendi, mzee alinuna. Mtu wa mbali, atajua nini? Lakini Lucy alijua kujifunza. Mama mkwe wake, Anyosisye, alimwelekeza mara moja tu. Mwezi haukuisha, Lucy alikuwa akisikia kikohozi cha mzee kwenye kona na tayari yuko kwenye migomba, kanga kichwani, mgongo umegeuka. Wasichana wa hapa hapa walikuwa wakimpita baba mkwe na simu sikioni. Andongwisye alijisifu kwa wenzake baada ya ibada: "Wangu katoka Mara, lakini anatila kuliko binti zenu." Alimpenda mkamwana huyo, kwa namna ambayo mtu anaweza kumpenda asiyemtazama.

Lucy alishika mimba. Aprili, mimba ikiwa kubwa na mvua za Kyela zimechachamaa, Andongwisye alikwenda zahanati kuchukua dawa ya malaria. Nesi Doreen, msichana mgeni aliyekuwa ametoka semina wiki hiyo hiyo, alimwona akiondoka, akamkimbilia na karatasi mkononi.

"Mzee, Gwamaka yupo?"

"Yuko safari. Tunduma, labda ameshavuka."

"Nimempigia hapatikani. Basi mpe mama Gwamaka hii barua, leo. Lucy asikose kuja kuniona. Ni muhimu sana, mzee wangu."

Haikuwa na bahasha. Mtu aliyezoea kusoma kila karatasi inayopita mkononi mwake asingeweza kuiacha hii. Alisimama chini ya mgomba, mvua ikidondoka kwenye kofia, akaisoma.

Ilisema kwamba Lucy alikuwa amemweleza nesi kliniki kuwa alikeketwa akiwa binti wa miaka kumi na miwili. Ilisema kwamba mahali pale palikuwa na kovu, na kovu hilo halitanuki, linaweza kumzuia mtoto asipite. *Tafadhali asizalie nyumbani, wala hapa zahanati. Zimebaki kama wiki tatu. Apelekwe hospitali Kyela mapema, akae karibu nayo mpaka ajifungue.*

Andongwisye alihisi uso unamwaka. Hakufikiria mtoto. Alifikiria kwamba ameuona uchi wa mkamwana wake. Mtu ambaye hata jina lake hulitaji, sembuse mahali pale! Na sasa aende kumkabidhi mkewe barua, na mkewe, ambaye hajui kusoma, amwambie, "Haya, baba Gwamaka, nisomee." Aisome kwa sauti? Neno lile litoke mdomoni mwake, ndani ya nyumba yake, kuhusu mke wa mwanawe? Aliikunja mara nne. Alijiambia Gwamaka atarudi wiki hiyo, atampa yeye, mwanamume kwa mwanamume. Ziko wiki tatu. Akaitia kwenye kopo.

Gwamaka hakurudi wiki hiyo, fuso liliharibikia ng'ambo ya mpaka. Anyosisye aliitwa Matema kwenye msiba wa dada yake. Siku ya nane, saa mbili asubuhi, uchungu ulimshika Lucy, kabla ya wakati.

Mzee alifanya yote ambayo mila inamruhusu. Alituma watu wawaite wanawake wa jirani. Walikuja, na Angetile, bibi aliyewazalisha nusu ya vijana wa kijiji, akiwa mbele. Mzee alikaa barazani kwake, ng'ambo ya ua, akisikiliza. Saa nne. Saa sita. Sauti ya Lucy, ambayo hakuwa amewahi kuisikia ikisema hata "shikamoo", ilimfikia kupitia ukuta wa matofali, ikipanda na kushuka. Saa saba Angetile alitoka nje.

"Huyu mtoto amekwama, wala sijui amekwama kwenye nini. Sijawahi kuona kitu kama hiki. Baba Gwamaka, kuna lolote mnalolijua ambalo hamkutuambia? Mficha uchi hazai!"

Andongwisye alifungua mdomo. Barua ilikuwa hatua ishirini kutoka alipokaa. Angeweza kusema, "Pelekeni Kyela, sasa hivi, nesi aliandika." Kwani neno lenyewe lilikuwa na ulazima gani? Lakini wangeuliza, aliandika nini, na ulijuaje, na mbona tangu asubuhi? Akafumba mdomo.

"Hatujui kitu," alisema. "Ni Mungu."

Bajaji ilipatikana saa tisa. Barabara ilikuwa tope tupu, walisukuma mara nne. Walipofika Kyela mtoto, wa kiume, alikuwa ameshakufa tumboni, na kizazi kimepasuka. Kizazi kikatolewa. Lucy alirudi nyumbani baada ya wiki sita akiwa mwembamba, na mkojo unamtoka bila yeye kujua. Alifanyiwa upasuaji Mbeya, ukapungua, haukuisha.

Kikao cha kijiji kilikaa. Watu walimjia juu Nesi Doreen: muuguzi gani anaona kovu kama hilo asiseme? Doreen alisimama akasema alisema, aliandika barua, akampa mzee huyu hapa mkononi. Wote wakageuka kumtazama Andongwisye, na Gwamaka alikuwa amekaa pembeni yake, macho mekundu.

Hapo palikuwa na mlango. Mlango mchungu, lakini ulikuwa wazi. Andongwisye aliutazama, akasikia kinywa chake kikisema maneno kiliyoyazoea:

"Binti yangu, maneno ni upepo. Karatasi iko wapi?"

Doreen alilia mbele ya watu wote. Baada ya mwezi alihamishwa.

*

Maji yakimwagika hayazoleki, lakini aliyeyamwaga huendelea kuyakanyaga. Kila asubuhi Andongwisye alipofungua mlango aliona kamba ya Lucy, vitambaa vimeanikwa kabla jua halijatoka ili majirani wasivihesabu. Wanawake walisema Mungu amemwadhibu kwa kuzembea kliniki. Lucy aliacha kwenda kwaya kwa sababu ya harufu. Aliwahi kutuma sahani ya ndizi na maharage kupitia kwa mama mkwe, "mpe baba", na mzee akaila, akarudisha sahani tupu. Na bado, miaka sita, akikohoa kwenye kona, Lucy alitoka njia. Aliingia majanini na ndoo ya maji kichwani, kanga imelowa nyuma, akageuka ili kumpa heshima. Hicho ndicho kilichomla Andongwisye. Mara tatu alilitoa kopo aichome ile barua, na mara tatu alilirudisha. Hajawahi kuchoma karatasi ya mtu maishani mwake, na hata uovu una mazoea yake.

Mwaka jana wakaja wanasheria. Shirika lao lilikuwa likikusanya maoni juu ya mapendekezo ya sheria ya kuwasaidia waliokeketwa, wakazunguka wilaya kwa wilaya. Mkutano uliwekwa darasani, shule ya msingi, na wazee wa baraza wakaalikwa kukaa mbele. Asubuhi hiyo Andongwisye alilishusha kopo, akaitia barua mfuko wa koti. Aliwaogopa wanasheria. Nia yake ilikuwa kuitupa mtoni. Alifika darajani, mkono mfukoni, maji yakipita chini, na mtu wa baiskeli akamsalimu: "Ugonile, Mzee Karatasi!" Ilibidi autoe mkono amsalimu. Nyuma ya huyo alikuja mwingine. Akaingia mkutanoni na barua yake.

Mwanasheria aliyeongoza, Brenda, alikuwa mwanamke kijana mwenye sauti ya taratibu. Kabla hajamaliza utangulizi, mzee mmoja alinyoosha mkono. "Mama, mmekosea wilaya. Sisi huku hatukeketi." Watu wakacheka, wakapiga makofi.

Brenda alisubiri makofi yaishe. "Vizuri, baba. Wake mliowaoa kutoka mikoa inayokeketa, wako wapi? Mnawaacha mpakani?" Hakuna aliyecheka. "Sheria iliyopo inamtafuta aliyeshika wembe. Ni vizuri. Lakini aliyekatwa anahama, anaolewa, anazaa, na kovu anakwenda nalo. Tunataka sheria itakayosema nani amtibu bure, nani amwangalie akibeba mimba, na nani awajibike akipuuzwa. Tunataka kusikia kutoka kwa wenyewe."

Halafu kukawa na kunong'ona upande wa akina mama, Anyosisye akaenda kumwambia Brenda jambo sikioni. Brenda alionekana hakuelewa, akaelezwa tena. Yuko mwanamke anataka kusema, lakini baba mkwe wake amekaa humu ndani. Atasemea nje, dirishani, akiwa amegeuka.

Ndivyo Andongwisye alivyoisikia sauti ya Lucy kwa mara ya pili maishani mwake, na kwa mara ya pili ilikuwa ikipita ukutani. Kwenye dirisha hakuonekana mtu, palionekana ncha ya kanga tu. Lucy alisema alikatwa Desemba, wakati wa likizo, yeye na wenzake wakapigiwa ngoma na kupewa zawadi. Alisema alikimbilia Mbeya ili binti zake wasije wakakatwa, na sasa hana binti wala mtoto wa kiume. Alisema hataki fidia kubwa, anataka upasuaji mmoja zaidi, na anataka mwanamke mwingine akibeba mimba na kovu kama lake, mtu alazimike kumwambia.

Brenda alikuwa akiandika haraka. "Mama, pole sana. Naomba nikuulize. Ushahidi tutakaoupeleka Dodoma lazima uwe na nyaraka au shahidi, vinginevyo watauweka pembeni. Wakati wa ujauzito, kuna karatasi yoyote inayoonyesha ulipewa tahadhari?"

"Hakuna," ilisema sauti ya dirishani. "Nesi alidai alituma barua. Baba mkwe alisema haikufika. Na baba mkwe wangu hasemi uongo, kila mtu hapa anajua. Kwa hiyo ni nesi aliyenidanganya. Mimi nesi huyo sijamsamehe mpaka leo."

Brenda aliweka kalamu chini. "Basi, mama. Tutaona."

Andongwisye alijua maana ya *tutaona*. Alikuwa ameitumia miaka kumi na mmoja. Wasio na karatasi huambiwa tutaona.

Aliinuka. Watu walidhani anakwenda haja, wakampisha. Alitoka mlangoni, akazunguka kona ya darasa, na hakukohoa. Lucy alikuwa amesimama pale, mgongo ukutani, akijifuta macho. Alipomwona alishtuka, akavuta kanga usoni, akageuka akimbilie migombani.

"Lucy," alisema mzee. "Usikimbie."

Lucy alisimama kama aliyepigwa. Jina lake halikuwa limewahi kutoka kwenye kinywa hicho. Ndani ya darasa vichwa vilijaa dirishani. Andongwisye alitoa karatasi mfukoni. Hata wakati huo mkono wake haukuweza kumpa mkamwana kitu, akaiweka kwenye ukingo wa dirisha, akarudi nyuma hatua tatu.

"Barua ilifika," alisema. "Ilifika kwangu. Nesi hakudanganya."

Lucy aliichukua, akaifungua mikunjo yake minne. Alisoma taratibu, midomo ikichezacheza. Tarehe ilikuwa juu kabisa. Alipofika mwisho alirudia mwanzo. Kisha akasema naye, ana kwa ana, maneno yake ya kwanza tangu aolewe.

"Uliisoma?"

"Niliisoma."

"Yote?"

"Yote. Siku nane kabla."

"Siku ile nikilia, ulikuwa umekaa pale barazani?"

"Nilikuwepo."

"Kwa nini, baba?"

Alikuwa na majibu ya miaka sita. Alikuwa ameyapanga usiku baada ya usiku: mila, aibu, Gwamaka angerudi, ziko wiki tatu. Sasa alipoyatafuta yote yalikuwa kitu kimoja kidogo mno.

"Niliona haya," alisema. "Niliona haya kulitaja lililokupata."

Lucy alimtazama. Alimtazama usoni, sawasawa, kama mtu anavyomtazama mtu. Kisha aliishusha kanga kutoka kichwani, akaikunja, akaifunga kiunoni. Aliingia darasani kwa mlango wa mbele, akapita katikati ya wazee, akaweka barua mezani pa Brenda.

"Hii hapa karatasi," alisema.

*

Ushahidi ulikwenda Dodoma na sahihi ya Andongwisye chini yake kama shahidi. Kama utaingia kwenye sheria, na sheria yenyewe kama itapita, hakuna anayejua bado. Shirika la kina Brenda limempatia Lucy nafasi ya upasuaji wa tatu.

Andongwisye alijiuzulu baraza kabla hawajamwondoa. Gwamaka amehamishia jiko lake upande wa pili wa shamba, anamsalimu baba yake kwa kichwa, hamwiti mezani. Anyosisye alilishusha lile kopo mwenyewe akaliweka uani. "Miaka sita nimelala chini ya barua hiyo," alisema, "nikimwambia mtoto wa watu ni mapenzi ya Mungu." Tangu hapo anazungumza na mumewe mambo ya shamba tu.

Mzee alipanda gari akaenda Matema, alikohamishiwa Nesi Doreen. Alimkuta kwenye foleni ya akina mama, mtoto mmoja kwenye mizani. Alimweleza yote palepale, amesimama, kofia mkononi. Doreen alisikiliza mpaka mwisho.

"Ndaga, asante mzee," alisema. "Nashukuru umekuja. Miaka yote hii nilijiuliza kama kweli niliiandika." Halafu akainama kusoma mizani, kwa sababu mtoto alikuwa analia na foleni ilikuwa ndefu.

Mzee hakumwomba Lucy msamaha, wala Lucy hajautamka. Lakini Lucy hatoki njia tena. Mzee akikohoa kwenye kona, yeye anakuja vile vile katikati ya njia, ndoo kichwani, uso wazi, na kumwambia "Ugonile" kama anavyomwambia mpita njia yeyote. Wapo wanaosema amekosa adabu. Andongwisye hajasema hivyo. Akisikia nyayo zake anatangulia kutoka njia, anaingia majanini, anavua kofia na kuinamisha uso, na anasimama hapo mpaka mwanamke amalize kupita.